Isukuti Bukhungu: Wimbo Usio na Kituo

Siku Kakamega Homeboyz au Ingwe, yaani AFC Leopards, wanapocheza katika uwanja wa Bukhungu mjini Kakamega, kabla hujaliona lango utazisikia ngoma za isukuti. Wako wanaoziita kelele za mashabiki. Mimi nazisikiliza kama utungo, tena utungo wenye umbo lililokazwa.

Ngoma ni tatu, kubwa, ya kati na ndogo, ndefu nyembamba, zimewambwa ngozi ya kenge. Mpigaji huining'iniza ngoma yake begani akaibana kwapani, kwa hiyo anapiga huku akitembea, hata akikimbia. Ndivyo Waisukha na Waidakho, jamii za Waluhya, wanavyowasindikiza mafahali kwenda kupigana Khayega na Malinya. Timu inapokaribishwa kwa isukuti inapokewa kama fahali wa ukoo, na mchezaji aliyekulia huku hahitaji kuelezwa maana yake.

Sasa sikiliza maneno. Mwimbishaji anarusha mshororo mfupi, umati unaupokea. Ndani ya mshororo huo pana nafasi moja tu inayobadilika: jina. Mpira ukitoka kuwa kona, jina la mpigaji kona linaingia. Kipa akiokoa, lake linachukua nafasi. Kiitikio hakiguswi. Ndiyo maana mgeni asiyejua Kiluhya hata neno moja, mzunguko wa pili tayari anaitikia.

Shairi la tarbia hutangaza mwisho wake: mshororo wa nne, yaani kituo, ukifika, ubeti umefungwa. Isukuti haina kituo cha namna hiyo. Inakatwa pale mwimbishaji anapotaka, na inaanza tena papo hapo. Mpira nao hauna adabu ya beti. Bao huingia katikati ya neno.

Msimu wa 2021/22 Homeboyz walimaliza ligi wakiwa na pointi sawa na Tusker, wakakosa ubingwa kwa tofauti ya mabao. Wimbo unaojua kushangilia tu ungekosa la kusema siku kama hiyo. Isukuti huchezwa mtoto akizaliwa, harusini na matangani, kwa hiyo inaweza kubeba hata kushindwa.

Lakini uwanjani inapungukiwa. Kijijini wanaume wana safu yao na wanawake yao, na mwimbishaji husifu, huonya, hukumbusha ya kale. Jukwaani safu ya wanawake mara nyingi haipo, na maneno yamesinyaa hadi majina matupu. Huo ni upungufu wa kweli, na unaniuma, maana mwaka 2014 UNESCO iliiweka isukuti katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka.

Wasimamizi wa viwanja vyetu, zimeni vipaza sauti wakati wa mapumziko. Waachieni wapigaji ngoma na waimbaji, wanaume kwa wanawake, dakika hizo 15.