Tafsida na Kicheko katika "Mambo kwa Soksi"

Ziwa Tanganyika halijapata kuwa mpaka wa Kiswahili. Katika karne ya 19 lugha hii ililivuka pamoja na misafara ya biashara, ikaota mizizi Maniema na katika ufuo wa magharibi hadi Uvira. Mwaka 1978 mzaliwa wa Kindu, Remmy Ongala (1947–2010), alikwenda mashariki, Dar es Salaam, kujiunga na Orchestra Makassy. Baadaye aliongoza Super Matimila, bendi ya dansi ya aina ambayo Afrika Mashariki iliizoea kwa jina la jazi.

Wimbo wake "Mambo kwa Soksi", wa mwanzoni mwa miaka ya 1990, unahimiza matumizi ya kondomu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Hata hivyo, Radio Tanzania ilikataa kuupiga wimbo huo. Je, ni matusi? Uhakiki huu unashikilia kwamba sivyo.

Tuanze na jina lenyewe. "Mambo" ni neno pana linalositiri tendo la ndoa. "Soksi" ni vazi la mguuni. "Kwa" inaonyesha chombo, kama katika "kula kwa kijiko". Basi katika maneno matatu hakuna hata moja la aibu, na bado hadhira nzima inaelewa. Tafsida hapa ni ya pande mbili, na kicheko kinazuka pale msikilizaji anapogundua kwamba maana ameikamilisha mwenyewe. Aliyeudhika, kwa hiyo, aliudhiwa na ufahamu wake mwenyewe. Huo ndio ugumu ambao mtunzi anamtwika msikilizaji: huwezi kuucheka utani huu na papo hapo ukadai kwamba hujui unahusu nini.

Hata hivyo, istiari hii ina upungufu. Soksi huvaliwa na mwanamume. Hivyo uamuzi umeachwa mikononi mwake, ilhali mwanamke aliye hatarini hana chombo chake. Kicheko kinafungua mdomo wa jamii, lakini hakimpi kila mmoja sauti sawa.

Kwa mwanafunzi wa Uvira, wimbo huu una somo la ziada. Hoja nzito imejengwa kwa maneno ya sokoni na nyumbani, na mtunzi aliyekulia katika Kiswahili cha Kongo. Ustahili kusomwa darasani bega kwa bega na ushairi wa mwambao.