Pula kuukuu na nyuzi za inchi

Bolti ya milimita 16 iliingia mizunguko mitatu kwenye kichwa cha pula, ikagoma. Muuzaji akasema ni kutu tu, niongeze grisi na spana ndefu. Haikuwa kutu. Pula hiyo ya miguu mitatu, ya kung'olea beringi na gia, ilitoka Uingereza, na skrubu yake iliyokatika ilikuwa ya inchi: kipenyo 5/8, nyuzi 18 kwa inchi.

Inchi 5/8 ni milimita 15.875. Kwa jicho hiyo ni 16, na hapo ndipo wengi wanapoharibu. Shika kalipa, upime kutoka kilele cha uzi wa kwanza hadi cha kumi na moja. Ya inchi itakupa milimita 14.1, ya M16 yenye hatua (umbali wa uzi hadi uzi) ya 1.5 itakupa 15. Ukilazimisha unachana nyuzi za kichwa, na kichwa hakiuzwi peke yake.

Nilizunguka maduka ya Gerezani, Dar es Salaam, kutwa nzima. Bolti za inchi zipo, lakini fupi. Basi nikamwendea fundi wa kukereza vyuma, nikamwomba akitoboe kichwa upya kwa M16 ya kawaida. Akakataa, na hesabu ilikuwa upande wake. Tundu la M16 hutobolewa kwa keekee ya milimita 14, ilhali mifereji ya zamani imeshachimba hadi karibu 16. Nyuzi mpya zingekatwa juu ya makovu. M18 ya hatua ya 1.5 hutaka tundu la 16.5. Hilo linafuta kila kitu cha zamani, na chuma kilichobaki pembeni kilitosha.

Skrubu mpya yenyewe ilitoka kwenye ekseli ya gari iliyonunuliwa kwa kilo. Ni chuma kizuri, ila ngozi yake ni ngumu mno kwa kisu cha mashine. Ilipashwa moto ikawa nyekundu, ikafukiwa kwenye majivu hadi asubuhi, ndipo ikakerezwa. Bila shaka ugumu ulipungua, kwa hiyo pula hii siifungi tena kwa bomba refu juu ya spana. Nchani fundi alichimba kitundu akakaza gololi ya beringi iliyokufa, ili ncha isijisage dhidi ya shafti.

Pini za miguu zilikuwa kazi nyepesi. Matundu ya inchi 3/8 yalikuwa yameliwa yakawa mviringo wa yai. Keekee ya milimita 10 iliyanyoosha, zikaingia bolti za M10 zenye alama ya 8.8 kichwani. Sharti moja: sehemu laini isiyo na nyuzi ndiyo ikae ndani ya tundu, kwani uzi ni mahali pa kukatikia.

Mguu mmoja ulikuwa umewahi kuchomelewa, na ufa ulianza kando tu ya mshono. Sikuuchomelea tena. Nilinunua miguu mitatu ya pula nyingine mbovu, yote, maana mguu mmoja ukizidi urefu beringi hutoka upande na taya huteleza.

Kipande kizima cha skrubu ya zamani kiko kwenye sanduku langu la spana. Nikiokota nati nisiyoijua, hicho ndicho kipimo cha kwanza.