Saa ya Kengele Kando ya Jiko

Maharage yaliniungulia mara tatu katika mwezi mmoja, na mara zote nilikuwa nyumbani. Hilo ndilo lililomshangaza mama mkwe. "Mwanangu, ulikuwa wapi?" Nilikuwa uani, hatua chache tu kutoka jikoni. Daktari aliponiambia nina ADHD, hali ya ubongo inayoyumbisha umakini, kumbukumbu ya papo kwa papo na hisia ya muda, nilichukua daftari nikaandika mwenendo wa siku moja ya maharage, hatua kwa hatua.

Katika orodha ile hakuna hatua ya kipuuzi. Nilibandika sufuria, nikatoka kuanua nguo. Shati la shule lilikuwa limetoka kifungo, nikaenda kutafuta sindano. Kwenye droo nikakuta risiti ya ada, nikakumbuka kuna salio, nikashika simu nilipe. Kila kazi ilistahili kufanywa. Lakini kila mpya ilipoingia kichwani, iliisukuma nje iliyotangulia, na hapakuwa na kitu cha kunirudisha jikoni.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Russell Barkley, husisitiza kwamba mwenye ADHD kwa kawaida anajua la kufanya. Anapokwama ni katika kulifanya kwa wakati wake. Kwa hiyo, anasema, msaada uwekwe palepale kazi inapofanyikia. Nilipolielewa hilo nilipumua. Miaka yote nilikuwa napewa mawaidha ya mambo niliyoyajua.

Nilianza na kengele ya simu, ikashindwa ndani ya wiki moja. Ikilia, naizima nilipokaa, najiambia naenda sasa hivi, kisha ujumbe ulioingia unanichukua. Kengele ilikuwa mkononi, jiko liko kwingine: hapo ndipo palipokuwa na kasoro. Nikanunua saa ndogo ya mezani ya betri, inayolia mpaka izimwe, nikaiweka kwenye rafu kando ya jiko. Ili niizime sharti nifike pale, na nikifika naiona sufuria. Nikajiwekea sharti: naizima nikiwa nimeshika mwiko.

Ilibaki hatari ya kusahau kuitegesha. Mwaka 1999 mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliandika jinsi nia inavyopata nguvu ikifungwa kwenye tukio maalumu: likitokea hili, nafanya lile. Basi nami nikaifunga nia yangu: nikiwasha moto, nategesha saa kabla sijafunika sufuria.

Kwa mtindo huohuo, mabegi ya shule yalipata kapu mlangoni. Kabati la vyombo nililiondolea milango, maana kilichofichika kwangu ni kama hakipo. Ubao wa kumbukumbu ukutani ulinifaa kwa siku chache tu. Jicho likauzoea, likaacha kuusoma, kwa hiyo sasa nauhamisha. Dawa kama methylphenidate huwasaidia wengi, nalo ni la kuzungumza na daktari, ila hata anayezitumia atahitaji nyumba inayomkumbusha.

Kilichonisumbua zaidi ni wageni. Saa italia, lakini kumwacha mtu katikati ya salamu naona ni kumvunjia heshima, basi naizima haraka na kurudi sebuleni kabla sijakoroga. Sharti la mwiko linavunjika papo hapo. Siku hizi mtu akipiga hodi nazima jiko kwanza, ndipo naitikia karibu.