Jalada Liko Mezani kwa Nani? Kumsoma Tena Scott Turow

Kuna sentensi moja ambayo kila aliyewahi kufuatilia kesi katika mahakama zetu za Tanzania ameikariri: upelelezi haujakamilika. Inasemwa kwa sekunde tatu, hakimu anaandika, mshtakiwa anarudi rumande siku 14 nyingine. Mwaka ule nilipokuwa nikimsindikiza shangazi kwenye kesi ya mwanawe, niliisikia mpaka nikaacha kuhesabu. Aliyekuwa akiisema ni dada mmoja, wakili wa Serikali, mdogo kwangu kwa umri, na mfuko wa majalada uliomlemea bega. Shangazi alimchukia kwa moyo wote. Mimi, nikiri tu, nilikuwa namwangalia viatu vyake vilivyojaa vumbi na kujiuliza: huyu naye asubuhi yake huanzaje? Majalada yale kayasoma saa ngapi? Na ile sentensi, anaiamini?

Swali hilo ndilo lililonirudisha kwenye Presumed Innocent, riwaya ya Scott Turow ya mwaka 1987. Wengi wetu tunaijua kwa filamu ya 1990 aliyoigiza Harrison Ford, au kwa tamthilia ya 2024 ya Jake Gyllenhaal, na tunaikumbuka kama hadithi ya "nani kaua". Ni kweli, nani kaua ipo. Lakini ukiisoma polepole utaona kwamba mwandishi anachokijua kuliko kitu kingine ni ofisi. Turow alikuwa mwendesha mashtaka wa serikali ya shirikisho kule Chicago kuanzia 1978 hadi 1986, na alishiriki katika kesi za operesheni ya Greylord iliyowafikisha kizimbani mahakimu wala rushwa. Riwaya hii aliiandika kidogokidogo ndani ya treni, asubuhi akienda kazini. Inaonekana. Ni kitabu cha mtu ambaye bado ana jalada kwenye mkoba.

Kisa kwa ufupi: Rusty Sabich ni msaidizi mkuu katika ofisi ya mwendesha mashtaka wa kaunti ya kubuni inayoitwa Kindle. Mwenzake wa kazi, Carolyn Polhemus, anauawa. Bosi, Raymond Horgan, anamkabidhi Rusty upelelezi huo, bila kujua kwamba Rusty aliwahi kuwa na uhusiano na marehemu. Na haya yote yanatokea Horgan akiwa kwenye kampeni, maana Marekani waendesha mashtaka wengi wa kaunti huchaguliwa kwa kura. Horgan anashindwa, mpinzani wake anaingia ofisini, na Rusty anajikuta yeye ndiye mshtakiwa.

Hapo kwenye uchaguzi ndipo kitabu kinapoanza kuuma. Kwetu Mkurugenzi wa Mashtaka huteuliwa na Rais, na Katiba, ibara ya 59B, inamtaka aongozwe na nia ya kutenda haki, kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za haki, na maslahi ya umma. Kule bosi anaongozwa pia na kura za maoni. Turow hapigi kelele juu ya hilo. Anatuonyesha tu jinsi ofisi nzima inavyobadilika harufu: watu wanaanza kupima maneno, wanaangalia nani anakula na nani, jalada lililokuwa la dharura linageuka mzigo. Kuna jalada moja la siri linalohusu rushwa ambalo kila mtu angependa lisiwepo. Yeyote aliyefanya kazi serikalini, hata kama ni idara ya maji, ataitambua hali hiyo. Sheria ni ileile, kilichobadilika ni upepo.

Lakini kurasa nilizozipenda kuliko zote hazina siasa ndani yake. Ni zile za kesi ya mtoto mdogo aliyeumizwa na mama yake mzazi, kesi iliyowakutanisha Rusty na Carolyn. Hapa tunaona kazi yenyewe: kukaa na shahidi mtoto, kumzoesha, kumfanya aseme mbele ya watu wazima jambo ambalo hataki hata kulikumbuka. Rusty anataka kushinda, na anataka mtoto apone, na hajui tena ni lipi linaloendesha lipi. Turow hamsuti wala hamsifu. Ndiyo maana ninaamini pale.

Nilipofika hapo nilimkumbuka mwendesha mashtaka mwingine, wa Albert Camus katika La Peste ya 1947. Ni baba yake Tarrou. Nyumbani ni mzee mpole anayependa ratiba za treni na kuzijua kwa kichwa. Siku moja anamwalika mwanawe wa miaka 17 aje kumsikiliza mahakamani. Kijana anamkuta baba yuleyule, kavaa joho jekundu, akidai mtu auawe. Kilichomshika Tarrou ni mshtakiwa: mtu mdogo, mwenye hofu, aliye hai. Baadaye anaelewa kwa nini kuna siku baba huamka alfajiri mno. Baada ya muda anaondoka nyumbani.

Waandishi hawa wawili wamesimama pande mbili za meza moja. Camus anamwona mwendesha mashtaka kwa macho ya anayeketi kwenye benchi la watazamaji, yaani kwa macho ya shangazi yangu. Turow anamwona kutoka ndani ya lile joho. Na mimi nasema Camus ana ukweli mkali zaidi, lakini Turow ana ukweli unaotutatiza zaidi, kwa sababu hatupi nafasi ya kumchukia mtu na kumaliza kazi. Inatubidi tuuchunguze utaratibu wenyewe.

Sasa lawama zangu. Ya kwanza, Carolyn. Alikuwa mwanasheria hodari, lakini tunamwona kupitia tamaa ya Rusty tu. Ofisi aliyoifanyia kazi yeye kama mwanamke, yenye wanaume wale, ingekuwa riwaya nyingine, na pengine bora kuliko hii. Ya pili ni kubwa zaidi. Rusty anashtakiwa kwa mauaji, lakini jioni anarudi nyumbani kulala. Ana wakili wa hali ya juu, Sandy Stern. Kesi inasikilizwa ndani ya miezi michache, na upande wa mashtaka unapomaliza ushahidi wake, jaji anaona hana kesi ya kujibu. Kwetu kosa la mauaji halina dhamana. Binamu yangu hakushtakiwa kwa mauaji, na bado alikaa ndani kuliko Rusty. Turow anajua jinsi mashine inavyomsaga mtu, ila amemchagulia mtu mwenye mito ya kuangukia. Wale wasio na mito wanapita kwenye korido za kitabu chake, kisha wanatoweka.

(Ambaye hajasoma aruke aya hii.) Mwishoni Rusty anaujua ukweli, na ananyamaza. Wasomaji wengi huuona mwisho huu kama pigo la kushtukiza. Mimi nauona kama jambo la kiofisi kabisa. Mamlaka makubwa ya mwendesha mashtaka ni kuamua nani asishtakiwe, ile kauli yetu ya magazetini kwamba DPP hana nia ya kuendelea na shauri. Rusty anaitumia kauli hiyo sebuleni kwake, peke yake, bila jalada wala hakimu. Mkono umeshaizoea kazi.

Fasihi yetu ina Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, ina Willy Gamba wa Elvis Musiba, ina Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Ni wasakaji hodari. Lakini mara nyingi mhalifu akishapatikana hadithi imekwisha, wakati kwa familia nyingi hapo ndipo inapoanza. Riwaya ya Kiswahili ya wakili wa Serikali, mimi sijaisoma. Nani ataiandika? Pengine yule dada mwenye mfuko, akipata kiti ndani ya mwendokasi.

Kesi ya binamu iliondolewa asubuhi moja, kwa sentensi fupi kama zile nyingine. Shangazi alilia kwa furaha, kisha akanigeukia akauliza: "Sasa hili wangelisema tangu mwanzo, lingewagharimu nini?" Yule dada alikuwa ameshafungua jalada jingine. Turow ananisaidia kuelewa kwa nini hakuinua macho. Shangazi bado hajajibiwa.