Nadharia za Kujifunza na Somo la Ngeli: Uhakiki

Imekuwa desturi kwa nyaraka nyingi za elimu kuanza kwa sura ya nadharia. Majina ya wataalamu hupangwa, kila mmoja hupewa aya yake, kisha sura hufungwa na kurasa zinazofuata huendelea kana kwamba hayo yote hayakusemwa. Makala haya yanakusudia kuihakiki desturi hiyo kwa kutumia mfano mmoja tu, nao ni somo la ngeli za Kiswahili katika shule zetu za Kenya. Hoja yetu ni kwamba nadharia ya kujifunza haimfai mwalimu mpaka imsaidie kutambua ni jambo gani hasa litakalomtatiza mwanafunzi aliye mbele yake, na kwa sababu gani.

Mwongozo mkuu wa mtaala wa elimu ya msingi uliotolewa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya mwaka 2017, ambao ndio msingi wa mtaala wa umilisi ulioanza kufundishwa nchini kote mwaka 2019, unataja nadharia kadhaa kuwa nguzo zake. Miongoni mwa majina yaliyomo ni Dewey, Vygotsky, Piaget, Bruner, Gardner na Erikson, pamoja na nadharia ya ujifunzaji unaoonekana, ambayo asili yake ni kazi ya John Hattie. Hapana shaka kwamba hao wote ni watu wa kusomwa. Walakini kuwapanga katika safu moja kama mashahidi wanaokubaliana ni jambo lisiloweza kupita bila kuulizwa.

Kwa hakika hawakubaliani. Kwa mujibu wa Piaget, ukuaji wa akili ndio unaotangulia, na mtoto hawezi kuimiliki dhana kabla ya kufikia hatua inayostahili. Vygotsky, katika kitabu chake juu ya fikra na lugha kilichotoka mwaka 1934, mwaka aliofariki, alimpinga Piaget waziwazi, akashikilia kwamba mafundisho mema hutangulia ukuaji na kuuvuta mbele. Mwalimu anayemfuata wa kwanza atasubiri. Anayemfuata wa pili hatasubiri. Kadhalika Hattie, katika kitabu chake cha mwaka 2009 kilichokusanya matokeo ya uchanganuzi zaidi ya 800, anayapa mafundisho ya moja kwa moja nafasi ya juu kuliko njia za kumwachia mwanafunzi avumbue mwenyewe, ilhali jina la Bruner aghalabu hutajwa kwa ajili ya kuutetea uvumbuzi huo. Naye Gardner, ambaye kitabu chake kuhusu akili nyingi kilitoka mwaka 1983, amelazimika kueleza kwamba nadharia yake haikuhusu mitindo ya kujifunza, ingawa walimu wengi wameisoma hivyo. Waraka unaowataja wote bila kusema ni nani afuatwe wapi haujamwongoza mwalimu.

Matokeo ya jambo hili yanaonekana katika somo lenyewe. Miundo ya mtaala wa Kiswahili ina safu za matokeo yanayotarajiwa, shughuli za ujifunzaji na maswali dadisi. Katika somo la ngeli, shughuli za kawaida ni za namna hii: wanafunzi wakiwa katika makundi watambue nomino za ngeli fulani kwenye chati, kwenye kadi au kwenye tarakilishi. Watu hudhani kwamba kundi ni Vygotsky na kadi ni Piaget. Sivyo. Watoto watano waliokaa pamoja, wote wakiwa na kosa lile lile, hawana wa kumvuta mwenzake mbele. Dewey mwenyewe alionya mwaka 1938 kwamba si kila tajriba huelimisha, na kwamba zipo zinazozuia ukuaji wa tajriba nyingine. Shughuli si tajriba ya elimu kwa sababu tu mikono ya watoto imeshughulika.

Sasa tutazame ugumu wenyewe. Mtoto wa Kigĩkũyũ huingia darasani akiwa tayari na mfumo wa ngeli. Nyumbani husema mũndũ mwega, andũ ega. Mũtĩ mwega, mĩtĩ mĩega. Akiambiwa mtu mwema na watu wema, au mti mzuri na miti mizuri, hajifunzi wazo jipya. Anabadilisha maumbo tu. Mtoto wa Kijaluo hali yake ni nyingine. Yeye husema dhano maber na ji mabeyo, yaani mtu mzuri na watu wazuri. Vilevile husema ot maber na udi mabeyo, yaani nyumba nzuri na nyumba nyingi nzuri. Kivumishi chake hubadilika kwa idadi, lakini mtu na nyumba havitofautishwi. Kwa hiyo umoja na wingi anaujua. Ambalo hajalikuta ni kwamba nomino inaweza kukiamuru kivumishi kwa sababu ya ngeli yake.

Mtu angeweza kukata shauri hapa kwamba Mgĩkũyũ ana nafuu na Mjaluo ana kazi. Mambo si mepesi hivyo. Katika Kiswahili sanifu, viumbe wenye uhai huchukua upatanisho wa a-wa, hata kama umbo la nomino ni la ngeli nyingine: twasema kifaru amelala, mbuzi huyu amekufa. Katika Kigĩkũyũ, mbuzi hufuata ngeli ya umbo lake, na mtu husema mbũri ĩno. Basi mtoto huyo akisema *mbuzi hii imekufa, hakupumbaa, wala si lazima awe amemwiga mtu. Ametumia kanuni sahihi ya lugha yake mahali ambapo Kiswahili kina kanuni nyingine. Ujuzi uliomsaidia katika mti na miti ndio uliomponza katika mbuzi. Mjaluo hana ngeli ya nyumbani ya kumvuta upande huo. Makosa yake huenda yakawa mengine kabisa.

Hapo ndipo nadharia inapopata kazi. Corder alitufundisha mwaka 1967 kwamba kosa la mwanafunzi ni ushahidi wa kanuni aliyo nayo kichwani, na Selinker mwaka 1972 akaeleza jinsi mwanafunzi anavyojijengea lugha ya kati yenye utaratibu wake. Ausubel, mwaka 1968, alisisitiza kwamba jambo kuu la kuchunguza kabla ya kufundisha ni yale ambayo mwanafunzi anayajua tayari. Tukiyaunganisha maoni haya, twapata swali la kuanzia: wanafunzi hawa, katika darasa hili, wanaleta nini?

Kutokana na swali hilo, somo laweza kupangwa kwa hatua zenye sababu. Kwanza, mwalimu awaulize wanafunzi watafsiri vifungu vichache katika lugha za nyumbani na kuvilinganisha, ili kila mmoja aone alicho nacho. Pili, awape sentensi zilizochaguliwa kwa makusudi: kiti kimeanguka, kiongozi ameanguka, kikombe kimeanguka, kifaru ameanguka. Awaulize kwa nini maneno manne yanayoanza kwa ki- yamegawanyika mawili. Huu ndio uvumbuzi wenye kuongozwa, na maswali ya mwalimu ndiyo jukwaa ambalo Wood, Bruner na Ross walilizungumzia mwaka 1976: husimamishwa ili fundi afikie juu, na huondolewa kazi ikiendelea. Tatu, kanuni ikishaonekana, mwalimu aitamke wazi, asiwaache wanafunzi na nusu ya jibu. Nne, yafuate mazoezi ya kurudia.

Hatua hii ya nne yahitaji kutetewa, maana siku hizi kurudiarudia kumekuwa kama aibu. Ni kweli kwamba Chomsky, alipokihakiki mwaka 1959 kitabu cha Skinner cha mwaka 1957, alionyesha kuwa mazoea na tuzo haviwezi kueleza jinsi mtu anavyotunga sentensi ambayo hajapata kuisikia. Lakini kueleza chanzo cha kanuni ni jambo moja, na kuizoeza kanuni hadi itumike bila kufikiriwa ni jambo jingine. Msemaji wa Kiswahili hana nafasi ya kusimama kabla ya kila kitenzi akitafuta kiambishi. Mazoezi mafupi, yanayorudiwa baada ya siku kadhaa, ni ya lazima. Na hayahitaji kuwa makavu. Ngano za sungura na fisi zimejaa wanyama wanaosema, wanaokimbia na wanaodanganyana. Mtoto anayesimulia ngano moja hutumia upatanisho wa a-wa mara nyingi kuliko katika zoezi lolote la kujaza mapengo.

Mwisho ni upimaji. Tukimwuliza mwanafunzi aiweke nomino katika ngeli yake, tumepima kama anajua jina la ngeli. Wapo wengi wanaoandika A-WA bila kosa, kisha wakatoka nje wakasema *mbuzi hii. Tajriba iliyokusudiwa kuwapa umilisi yafaa ipimwe kwa usimulizi na kwa kusahihisha matini.

Yawezekana mtu akasema kwamba mwalimu mwenye darasa kubwa, lenye watoto wa lugha nyingi, hana muda wa kuchunguza haya yote. Ni kweli, wala hatumlaumu. Lakini tunauliza ni nani amempa maelezo ya kulinganisha Kiswahili na Kijaluo, au na Kikalenjin, Kimaasai na Kisomali, kwa lugha inayosomeka na kwa kiasi cha kutosha somo moja? Kazi hiyo si ya mwalimu wa shule. Ni ya idara za lugha, yaani yetu sisi. Tumewaachia wenzetu wa elimu nadharia bila lugha, nasi tumebaki na isimu bila darasa. Jedwali moja la makosa yanayotarajiwa kwa kila lugha mama, likikusanywa na idara zetu na kuwekwa mikononi mwa walimu, lingemfaa mtoto kuliko sura nzima ya majina.