Kipimo ni Bega

Mwambie mtu wa Morogoro au Kitui kwamba huko Marekani mtoto wa miaka kumi na miwili anaingia msituni na baba yake akiwa na bunduki, atashika kichwa. Kwetu bunduki ni ya askari au ya jambazi. Lakini katika vijiji vya majimbo kama Pennsylvania na Wisconsin, kuwinda kulungu wa mkia mweupe ni shughuli ya familia. Kuna msimu wake, kibali chake na mafunzo yake, na nyama huingia kwenye friza ya nyumbani. Sina nia ya kuubishania utamaduni huo. Nataka kuusifu ufundi mmoja uliomo ndani yake, ambao hata wawindaji wengi wanaupita tu: ufundi wa kumchagulia mtoto risasi.

Mazungumzo ya risasi, popote wanaume wanapokusanyika, huwa ni ya nguvu. Ipi inafika mbali, ipi inaangusha mnyama mkubwa. Mjuzi huanzia kwingine. Humtazama mtoto: urefu wa mkono wake, upana wa bega lake, na zaidi ya yote, uso wake anaposikia mlio.

Risasi inapofyatuliwa, kichwa chake na gesi ya baruti huenda mbele, na bunduki hurudi nyuma. Hesabu hiyo haina njia ya mkato. Kichwa kizito, baruti nyingi, bunduki nyepesi, kila kimoja huongeza pigo begani. Na hapo ndipo penye fundo, kwa sababu mtoto anahitaji bunduki nyepesi ili aweze kuibeba kutwa, na bunduki nyepesi ndiyo inayopiga zaidi. Risasi ya .30-06, ambayo jeshi la Marekani lilianza kuitumia mwaka 1906 na ambayo mababu wengi wa huko bado hawataki kusikia nyingine, husukuma bega kwa nguvu inayokaribia mara mbili ya .243 Winchester katika bunduki zenye uzito sawa. Mtu mzima atasugua bega na kuendelea. Mtoto ataogopa, na hofu hiyo haitoki kwa kuambiwa "jikaze".

Ukitaka kuiona hofu yenyewe, simama kando ya mwalimu mzuri uwanjani. Humpokea mwanafunzi bunduki, humpa kisogo, huweka risasi ya bandia bila kusema neno, kisha humrudishia. Mtoto analenga, anavuta. Hakuna mlio, hakuna pigo. Lakini macho yamefumba, bega limeruka mbele, na mdomo wa mtutu umeinama kama mbuzi anayetaka kunywa maji. Risasi ya kweli ingekwenda ardhini, au vibaya zaidi, kwenye tumbo la mnyama ambaye angekimbia na kidonda. Ndiyo maana wenye busara huanza na .22 ndogo, ambayo karibu haipigi bega kabisa, wakilenga makopo na karatasi, masikio yamezibwa vizuri. Nusu ya woga wa bunduki huingilia masikioni.

Ikifika zamu ya kulungu, .22 haitoshi, na majimbo mengi hayairuhusu. Sasa uteuzi unakuwa kazi. Mwaka 1952 kampuni ya Winchester ilitoa .308. Mwaka 1955 likachukuliwa ganda lilelile, shingo yake ikabanwa ishike kichwa chembamba cha milimita 6.2 hivi, ikapatikana .243. Mwaka 1980 Remington wakalibana ganda hilohilo la .308 kidogo tu, ikazaliwa 7mm-08. Ganda moja la shaba, shingo tatu, mabega matatu tofauti. Mimi huipenda .243 kwa sababu haisamehe uvivu wa kufikiri. Kuna vichwa vyake vya gramu tatu na nusu, vimetengenezwa vipasuke ndani ya wanyama waharibifu wadogo; ukimpa mtoto hivyo kwa kulungu, kichwa kinaweza kuvunjikia kwenye mfupa wa bega kisifike mapafuni. Anayejua atatafuta kichwa cha gramu sita na nusu, kigumu, na atamwambia mtoto asubiri mnyama ageuke ubavu.

Wapo wanaocheka risasi ndogo. Hao wanapaswa kumkumbuka Mskoti W. D. M. Bell, aliyezaliwa mwaka 1880, ambaye jina lake la utani, Karamojo, lilitoka Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda. Wenzake walibeba bunduki nene za tembo zilizotikisa mifupa. Yeye aliua mamia ya tembo kwa risasi ya milimita saba iliyobuniwa kwa ajili ya askari wa miguu. Alipasua mafuvu ajue ubongo umekaa wapi. Mauaji yale siyasifu, Afrika Mashariki bado inahesabu hasara ya pembe. Ila juu ya risasi alikuwa sahihi: mahali inapoingia panashinda unene wake, na mtu hulenga vizuri anachoweza kukifyatua bila kufumba macho.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote hufanyika usiku, kwenye meza ya gereji. Kuna watu wanaojijazia risasi wenyewe. Ganda lililokwisha kutumika husafishwa, hubanwa lirudi umbo lake, hupachikwa fataki mpya. Baruti hupimwa kwenye mizani midogo, kwa .243 gramu mbili na ushee, kisha kichwa hukandamizwa mahali pake. Hapo baba anaweza kumpunguzia mtoto pigo bila kununua bunduki nyingine. Si kwa kukisia, maana baruti nyingine zinazoungua polepole zikitiwa chache mno zinaweza kupandisha mgandamizo ghafla na kupasua bunduki. Anafungua kitabu cha vipimo. Watengenezaji wa baruti iitwayo H4895 wanaruhusu ishuke hadi asilimia 60 ya kipimo cha juu kabisa. Bega linapona, na umbali wa kulenga nao unafupishwa. Mjazaji mwaminifu humweleza mtoto mipaka hiyo kabla ya kutoka nyumbani.

Kisha kitako. Cha mtu mzima, kutoka begani hadi kwenye kifyatulio, huwa na sentimita 34 hivi. Mtoto akikishika hicho huegemea nyuma, na pigo lote humkuta hana mizani. Hukatwa, huwekwa mpira laini mwishoni, na vipande huhifadhiwa. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hawahitaji kuambiwa hili. Mvulana wao hupewa upinde angali mdogo sana, wa kadiri ya mkono wake, na mishale ya mti mtupu ya kuwindia ndege, na upinde hukua pamoja naye.

Msimu unaofuata mkono umerefuka. Kipande kimoja kinarudishwa kwenye kitako, baruti inaongezwa kidogo, karatasi inalengwa upya. Baadaye kijana ataanza kuitamani .30-06 ya babu iliyotundikwa ukutani. Apewe, ila katika risasi tano za kwanza mwalimu achanganye moja ya bandia, na asimwambie ni ya ngapi.