Istilahi za Injini Ndogo ya Petroli: Tahakiki ya Majina ya Hitilafu

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, kazi ya kusanifu istilahi za ufundi imeelekea zaidi upande wa majina ya vitu. Kwa upande wa motokaa kazi hiyo imezaa matunda. Injini, silinda, pistoni, valvu, plagi, rejeta na gia ni maneno yasiyo na ubishi tena, darasani na gerejini. Lakini mwenye gari hampelekei fundi majina ya vipuri. Humpelekea habari ya tendo: gari linachemsha, linanywa oili, linamisi, limenoki. Maneno ya namna hii ndiyo yanayoamua nini kifunguliwe, nini kinunuliwe na fedha ngapi zitoke; nayo ndiyo yaliyopewa nafasi ndogo katika orodha zetu. Makala haya yanakusudia kuyapima baadhi yake, pamoja na istilahi chache za vipimo, kwa kufuata injini moja iliyo mashuhuri nchini.

Injini yenyewe ni Toyota 1NZ-FE, iliyomo katika magari kama IST na Probox. Mahali tulipopachagua ni Nyakato, jijini Mwanza, kando ya barabara iendayo Musoma. Hapo chuo cha ufundi cha VETA na gereji za mitaani ni majirani, na kijana anayejifunza umakanika husikia lugha mbili kwa siku moja: ile ya kitabu na ile ya chini ya gari. Lugha hizo zinapokubaliana, kazi huenda vizuri. Zinapopingana, anayeumia ni mwenye gari.

1. Istilahi za vipimo

Tuanze na ujazo. Injini hii ina silinda nne. Kipenyo cha kila silinda ni milimita 75, na mwendo wa pistoni ni milimita 84.7. Mwanafunzi akizidisha eneo la duara kwa mwendo wa pistoni, kisha kwa nne, atapata sentimita za ujazo 1,497 hivi. Hapa istilahi inamfundisha msomaji hesabu yake mwenyewe: ujazo ni nafasi ambayo pistoni zote huipitia. Neno la mitaani, ‘sisi elfu moja na mia tano’, ni jina la herufi tu, wala halina maana inayoonekana. Tafsiri za kiserikali zishikamane na ‘ujazo wa injini’.

Tatizo kubwa liko katika neno ‘mgandamizo’. Watafsiri wengi hulitumia kwa mambo mawili yaliyo mbali. La kwanza ni uwiano wa nafasi iliyo juu ya pistoni inapokuwa chini kabisa, na nafasi inayobaki inapofika juu kabisa. Kwa 1NZ-FE uwiano huo ni 10.5 kwa 1. La pili ni kanieneo inayopimwa kwa geji katika tundu la plagi, wakati injini inazungushwa kwa stata. Uwiano ni umbo la injini na kwa kawaida haubadiliki kwa uchakavu. Kanieneo hushuka kila ringi za pistoni zinapolika au valvu zinapoacha kuziba sawasawa. Fundi wa Nyakato anaposema ‘kompresheni imeshuka’ anasema kweli tupu. Lakini mtafsiri akiandika kwamba ‘mgandamizo umeshuka’, ilhali ukurasa wa nyuma aliandika kwamba mgandamizo ni 10.5, msomaji ataingia shaka kama namba ile ndiyo iliyoshuka.

Kwamba mambo hayo mawili ni mbalimbali huthibitishwa na ndugu wa injini hii, 1NZ-FXE, iliyowekwa katika Toyota Prius. Uwiano wake wa umbo ni 13 kwa 1, lakini valvu ya kuingizia hewa huchelewa kufunga, na sehemu ya hewa hurudi ilikotoka kabla ya kubanwa. Basi uwiano mkubwa hauleti kanieneo kubwa kwa kiasi hicho hicho. Tunapendekeza ‘uwiano wa mbano’ kwa lile la kwanza na ‘kanieneo ya mbano’ kwa lile la pili. Neno kanieneo limekwisha kukaa katika fizikia ya shule, na hapana sababu ya kuliacha mlangoni mwa karakana.

Neno ‘nguvu’ nalo limebebeshwa mizigo mingi. Kiwanda hutaja nguvu-farasi 109 hivi katika mizunguko 6,000 kwa dakika, na pia nyutoni-mita 141 hivi katika mizunguko 4,200. Tafsiri inayoita vyote viwili ‘nguvu’ haimwambii dereva kitu. Dereva mwenyewe hutofautisha: gari likipanda mlima kwa shida husema ‘halivuti’. Tendo hilo la kuvuta ndilo linaloelekea kwenye kipimo cha pili, ambacho tungekiita ‘msokoto’. Tena ikumbukwe kwamba namba za kiwandani hupimwa kwa kurejea hewa ya usawa wa bahari. Uso wa Ziwa Viktoria uko kiasi cha mita 1,134 juu ya usawa huo, na injini ya aina hii hupungukiwa na takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa uhaba wa hewa tu. Mwalimu asipoeleza hayo, mwanafunzi atatafuta ugonjwa katika injini nzima.

2. Istilahi za hitilafu

‘Kuchemsha.’ Neno hili hutajwa mshale wa joto unapopanda, na pia maji yanapotokota na kuruka. Hali hizi hazilingani. Mwanza maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi za Selsiasi, si 100. Kifuniko cha rejeta ndicho kinachozuia, kwa kuongeza kanieneo. Kifuniko kibovu huweza kuchemsha maji ya injini isiyo na kasoro nyingine. Aidha, kwa kuwa kila joto huitwa kuchemsha, dawa inayotolewa mara nyingi ni kuiondoa tamostati. Injini hubaki baridi kupita inavyotakiwa, petroli hutumika zaidi, na chanzo cha joto, aghalabu pampu ya maji inayovuja, hubaki palepale. Yafaa ‘kuchemsha’ libaki kwa kutokota kwenyewe, na hali ya mshale kupanda iitwe ‘kuzidi joto’.

Linalohusiana na hilo ni ‘maji ya rejeta’. Hii ndiyo tafsiri yenye hasara kuliko zote. Kitabu cha kiwanda hakisemi maji. Kinataja kiowevu maalumu chenye dawa ya kuzuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka. Kichwa cha silinda na bloku ya 1NZ-FE ni vya aluminiamu, nayo huliwa na maji matupu pole pole, na hupinda upesi ikizidi joto. Hapo ndipo mwenye gari huambiwa kwamba ameunguza gasketi. Alitii alichosoma: aliambiwa maji, akatia maji. Mafundi husema ‘kulanti’, nao wako karibu zaidi na ukweli kuliko mtafsiri. Kama neno hilo halipendezi, basi tuseme ‘kipozi cha injini’. Neno ‘maji’ peke yake lisitumike kabisa.

‘Kunywa oili.’ Hili ni neno zuri la gerejini, na limeharibiwa na maofisi. Fundi hutofautisha kuvuja, ambako oili huonekana chini ya gari, na kunywa, ambako oili hupita kwenye ringi za pistoni ikaungua na kutoa moshi wa buluu. Injini za 1NZ-FE zilizokwenda mbali bila kubadilishiwa oili kwa wakati hupatwa na hali hii. Lakini katika fomu zetu za matengenezo huonekana safu ya ‘matumizi ya oili’. Karani ataandika humo lita zilizotiwa siku ya sevisi, kwa kuwa matumizi kwake ni kitu halali kilichotumika. Hitilafu haitaandikwa popote mpaka injini ife. Safu hiyo ingeitwa ‘oili iliyonywewa tangu sevisi iliyopita’, mhasibu na fundi wangeelewana.

‘Kunoki.’ Hapa mtafsiri ana mtego. Neno limetoka Kiingereza, lakini limehama maana njiani. Katika Kiingereza ni mlio wa kugonga, hasa ule wa petroli inayowaka vibaya ndani ya silinda. Ni onyo, na injini hii ina kihisi cha kuusikia na kurekebisha wakati wa cheche. Katika Kiswahili cha Tanzania, injini iliyonoki imekufa: beringi zimekwisha au imekwama. Mtafsiri anayeandika kwamba petroli duni ‘husababisha injini kunoki’ anamwambia msomaji kwamba injini yake itakufa, ilhali kitabu kinamtaka abadili petroli. Maana ya mitaani imekwisha kushika mizizi na haifai kupingwa. Ule mlio uitwe ‘kugonga kwa mwako’, na ule wa vyuma ‘kugonga kwa beringi’.

‘Kukatika.’ Injini za Toyota zilizotangulia, kama 4A-FE na 5A-FE, zilikuwa na mkanda wa taiming, nao hukatika ghafla. 1NZ-FE ina cheni. Kwa kawaida cheni hulegea na kurefuka kwanza, ikatoa mlio injini inapowashwa asubuhi. Anayeuliza tu kama ‘imekatika’ atajibiwa kuwa haijakatika, na ataendelea kuendesha. Kitenzi kinachofaa ni ‘kurefuka’.

3. Mapendekezo

Wako watakaosema kwamba kumisi na kunoki ni maneno ya vijiweni, hayafai katika maandishi ya Serikali. Hoja hiyo haina nguvu. Gia na plagi yaliingia kwa mlango uo huo. Sharti la istilahi ni kushika maana moja na kueleweka na wahusika wote, nalo kumisi linalitimiza: kila fundi anajua kwamba silinda mojawapo haiwashi sawasawa, akaanza na plagi na koili yake.

Kwa hiyo yapendekezwa, kwanza, kila orodha ya istilahi za mitambo iwe na sehemu ya vitenzi vya hitilafu, kando ya majina ya vipuri. Pili, vitenzi hivyo vikusanywe kutoka gerejini na kupimwa na walimu wa vyuo vya ufundi kabla ya kusanifiwa. Tatu, watafsiri wa vitabu vya magari na watunzi wa fomu za matengenezo waache mara moja maneno matatu: ‘maji’ kwa kipozi, ‘matumizi’ kwa oili inayonywewa, na ‘mgandamizo’ kwa uwiano na kanieneo kwa pamoja. Marekebisho hayo hayahitaji kikao kirefu, na kila gari la umma linaloingia karakana leo linayahitaji.